Kuishi kwa katuni za mtandaoni: jibu refu kwa mdogo wangu wa Morogoro kabla hajasaini

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Nimelisoma mara tatu swali la mdogo wetu wa Morogoro. Kwa aliyeingia sasa hivi, ni hivi: kijana anafanya kazi steshenari, mchana anatoa kopi na kubana vitabu, usiku anachora kwa simu hadithi ya bibi muuza vitumbua anayejua siri za mtaa mzima. Anaiweka Instagram, ana wafuasi elfu nne na ushee. Anauliza mambo mawili. Kwanza, je, aache kazi ili achore tu? Pili, kuna kampuni inataka kumnunua huyo bibi moja kwa moja kwa laki tatu, imweke kwenye vifungashio vya unga wake, na wanataka saini Ijumaa hii.

Wengi mmemwambia laki tatu si haba, achukue. Naomba nami niseme, maana huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili nikiishi kwa katuni za mtandaoni, na mhusika wangu wa kwanza nilimpoteza kwa saini ya namna hiyohiyo.

Mdogo wangu, nianze na hilo la Ijumaa kwa sababu ndilo lenye haraka.

Mimi ni mtoto wa Tanga. Baba alikuwa fundi saa, na alikuwa hakosi jarida la katuni la Sani. Alilisoma lote yeye kwanza, ndipo likanifikia. Kina Lodi Lofa, Ndumilakuwili na Madenge ndio walionifanya nitake kusoma. Kizazi cha baba kilikuwa na Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru. Baadaye tukampata Kingo wa James Gayo, na Ali Masoud aliyejulikana kwa Kipanya wake. Gado, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, alivuka kwenda Nairobi mwaka 1992 kuchorea Nation na kazi zake zikasambaa duniani. Basi nilikua nikiamini kwamba mlango wa kazi hii ni mmoja, nao ni gazeti.

Mwaka 2011 nikapata gazeti moja la wiki hapa Dar. Nilikuwa nimepanga Mbagala, kila siku napanda daladala ya Rangi Tatu hadi Kariakoo, nikamchora konda mmoja mtu mzima, mkali wa mdomo lakini mwenye huruma. Shilingi 5,000 kwa kibonzo. Ijumaa unakwenda dirishani kwa mhasibu, unasaini vocha, unaondoka. Watu walimpenda yule mzee. Siku moja nikiwa nimesimama ndani ya gari nilimsikia mama mmoja akimwita konda halisi kwa jina nililompa wa kwangu, na konda akaitika. Nilishuka kituo kisicho changu kwa furaha. Baada ya miaka miwili nikaomba waniongeze iwe 10,000. Mhariri akasema atanipigia.

Hakupiga. Wiki ya tatu nilikuwa napita kwenye meza ya magazeti pale Rangi Tatu, nikamwona mzee wangu kwenye ukurasa wa nyuma, kachorwa na mkono mwingine. Nilijua kabla hata sijatafuta sahihi. Yule mchoraji alimshikisha pesa kiganjani, mkono wa kulia, kama mtu aliyesimama gengeni analipia nyanya. Konda hashiki pesa hivyo. Konda hukunja noti kwa urefu akazipachika katikati ya vidole vya mkono wa kushoto, buku za bluu kidole chake, noti za mia tano za kijani (enzi zile zilikuwapo bado) kidole chake, chenji ya sarafu anaichezesha kiganjani ilie abiria watoe nauli, na mkono wa kulia unabaki huru kushika bomba na kugonga bodi. Nilitumia wiki nzima kuujua mkono ule. Kumwona mzee amesahau kazi yake kuliniuma kuliko pesa.

Nilikwenda ofisini kwao. Mhasibu, baba mmoja mpole sana, akafungua faili na kunigeuzia. Kwenye kila vocha, chini ya kiasi, kulikuwa na mstari wa herufi ndogo: malipo kamili ya kazi pamoja na haki zake zote. Chini yake saini yangu. Mara tisini na kitu. Nilirudi chumbani nikalala na viatu.

Ndiyo maana nakwambia usisaini kama karatasi ilivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iko upande wako kuliko unavyodhani: mchoro ni wako tangu ulipouchora, hata kama hujauandikisha popote, na haki hiyo inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako. Kuandikisha COSOTA, ofisi yetu ya hakimiliki, ni kwa ajili ya ushahidi siku ya ugomvi, na mimi nashauri uandikishe. Ila sheria haikulindi dhidi ya saini yako mwenyewe. Na ujue pia kwamba ukiajiriwa kuchora, kwa kawaida haki za kiuchumi za kazi uliyoifanya katika ajira hiyo huwa za mwajiri, msipokubaliana vingine kwa mkataba. Vilevile hakuna anayeweza kumiliki wazo la "bibi muuza vitumbua", wewe wala wao. Kilicho chako ni huyu bibi, na uso wake, kanga yake, kiti chake kifupi na namna anavyogeuza kitumbua huku anamtazama mtu usoni.

Sasa, kampuni ya unga haihitaji kummiliki. Inahitaji sura yake kwenye mfuko. Hilo ni suala la kupangisha. Mwenye nyumba haandiki hati ya nyumba kwa jina la mpangaji eti kwa sababu mpangaji anataka pa kulala. Unampangishia, kwa muda, kwa kodi, na vyumba vinatajwa.

Nitoe mfano wa kwangu. Miaka mitano iliyopita nilimkuta Konda wangu, huyu wa sasa nitakayemsimulia, kwenye stika nyuma ya Coaster moja. Nikamuuliza dereva aliinunua wapi, nikafika hadi kwa kijana anayekata stika Kariakoo. Nilikwenda nimekasirika. Nikamkuta ana watoto wawili wamekaa chini ya mashine, na stika zangu amezipanga vizuri kuliko za wengine. Tukaandikiana kikaratasi: anachapa michoro sita niliyomchagulia, sh. 200 kwa kila karatasi ya stika ni yangu, anahesabu kila mwisho wa mwezi, na mkataba unaisha baada ya mwaka mmoja mpaka tuuhuishe. Tumeuhuisha kila mwaka. Hajawahi kunidhulumu hata shilingi, na stika zile zimeniletea wasomaji wasiojua kabisa kwamba kuna katuni mtandaoni.

Nirudi nyuma kidogo. Baada ya lile gazeti nilikaa miezi minne bila kushika kalamu. Aliyenirudisha ni mtoto wa jirani, darasa la tatu. Aliniuliza, "Kaka, kwani yule konda hana mtoto?" Usiku ule ule nikamchora binti anayeshika mkoba wa baba yake aliyestaafu, siku ya kwanza kazini, saa kumi na moja alfajiri. Nikamwita Konda, basi, kazi yake ndiyo jina lake. Na nikajiwekea sharti kwamba jina la baba yake halitatajwa kamwe, kwa kuwa jina lile si langu tena. Miaka yote hii wasomaji wameniuliza kwa nini Konda hamtaji baba yake kwa jina. Leo mmejua.

Nilimweka Facebook kwanza. Nilichora kwa penseli na kalamu ya wino kwenye karatasi za A4, nikaskani steshenari kwa jero kila ukurasa. Pesa ya skana ilipokosekana nilipiga picha asubuhi dirishani, kivulini, kabla jua halijawa kali, na niliona karatasi inatoka nyeupe vizuri. Instagram enzi hizo ilipokea picha moja tu kwa chapisho, kwa hiyo hadithi ilibidi iishe ndani ya mraba mmoja, kibonzo cha kucheka na kupita. Mwaka 2017 wakaruhusu picha hadi kumi, na hapo ndipo Konda alipopata maisha. Ghafla nikaweza kuonyesha anavyonyamaza. Picha mbili nzima anahesabu pesa za siku, anagundua hesabu haitimii, ya tatu anamtazama dereva, ya nne dereva anatazama pembeni. Hakuna neno hata moja. Mabadiliko madogo kwenye programu ya simu yalibadili aina ya hadithi niliyoweza kusimulia.

Kuna pia zile katuni ndefu za kushusha kwa kidole kwenye simu, wanaziita webtoon. Mtindo ule uliota mizizi Korea Kusini, ambako kampuni ya Naver ilianzisha huduma yake mwaka 2004, kisha mwaka 2014 ikafungua ya Kiingereza. Ni mzuri kwa simu. Nafasi tupu kati ya kisanduku na kisanduku inakuwa muda: ukitaka msomaji asubiri, unamwongezea weupe. Nimeutumia kwa sura nzima ya safari ya usiku. Lakini kuna mtego ndani yake, na mimi ulininasa kwa gharama.

Kurasa za mtindo ule hupakiwa kwa upana wa pikseli 800. Mimi nikawa nachora moja kwa moja kwa upana huo, faili ni jepesi, simu haikwami. Mwaka 2018 nikataka kutoa kitabu. Mchapaji akanipigia hesabu mbele yangu: chapa nzuri inataka nukta 300 kwa inchi, gawa 800 kwa 300, unapata inchi mbili na nusu na kidogo, yaani sentimita zisizofika saba. Kazi yangu ya miaka miwili ilitosha ukubwa mdogo kuliko kitambulisho cha taifa. Nilichora upya sehemu thelathini, miezi mitano. Mdogo wangu, kuanzia usiku wa leo chora kwa ukubwa wa A4 wa nukta 300, upana pikseli 2,480, ndipo upunguze nakala ya kupakia mtandaoni. Programu ya kuchorea ya Ibis Paint kwenye simu inaweza, ukipunguza idadi ya tabaka (layers) za mchoro. Ukipata kompyuta, programu ya Krita ni ya bure na haina upungufu wowote wa maana kwa kazi yetu. Rangi nazo zichunguze mapema: ile bluu inayowaka kwenye kioo cha simu haipo ndani ya wino wa mchapaji, itatoka imepauka. Na idadi ya kurasa za kitabu cha kubana katikati lazima igawanyike kwa nne, jambo ambalo wewe wa steshenari unalijua kuliko mimi.

Sasa nikupe kitu ambacho hakuna video ya mafunzo itakufundisha, maana video nyingi ni za watu wa lugha nyingine. Kiputo cha maneno.

Lugha zao zina maneno mafupi mafupi, yanajipanga ndani ya kiputo kama abiria walioketi. Kiswahili neno moja hubeba sentensi nzima. "Nimekwishakuambia." "Wangelitusubiri." Liweke hilo ndani ya kiputo chembamba cha simu: ama herufi zinakuwa ndogo kama chawa, ama programu inalikata neno inapojisikia. Kurasa zangu za mwanzo zina makosa hayo tele. Siku hizi naandika maneno kwanza, kwa mkono wangu, kwa ukubwa unaosomeka kwenye simu ya bei ya chini. Kisha nayazungushia kiputo. Watu nawachora mahali palipobaki. Neno likilazimika kukatwa, nalikata kabla ya mzizi: nimekwishaku-, mstari wa pili ambia. Wangelitu-, subiri. Jicho la Mswahili linapita bila kujikwaa, kwa sababu hata mdomo hupumzika hapohapo.

Sauti pia usiazime. Kwetu mtu akianguka ni pu, akitumbukia majini ni chubwi, giza ni totoro, kimya ni jii. Bibi zetu walituachia ghala zima la sauti, nasi tunaandika milipuko ya katuni za Marekani! Siku Konda alipopokea simu kutoka hospitali nilichora kisanduku cheusi tii, katikati nikaandika "jii" kwa herufi ndogo nyeupe. Basi. Dada mmoja aliyeko Muscat aliniandikia kwamba aliweka simu chini akakaa kitandani mpaka adhana. Sijawahi kupata sifa kubwa kuliko ile.

Ratiba. Yangu ni Alhamisi saa moja jioni, na katika miaka hii nimekosa wiki chache sana. Saa hiyo watu wako kwenye foleni ya gari au wamefika nyumbani wanasubiri chakula. Msomaji wetu anahesabu bando, kwa hiyo picha zangu kumi kwa pamoja hazizidi megabaiti moja na nusu. Anayeisoma WhatsApp namtumia kama dokumenti, maana ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na herufi zinapata ukungu. Na siku zote nina akiba ya sehemu nane zilizokamilika. Mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulinikuta na akiba hiyo, nikachora mchana tu kwa karatasi, na hakuna msomaji aliyejua. Mama yangu, ambaye kwa miaka mingi aliniuliza lini nitapata kazi, siku hizi nikichelewa ananipigia saa moja na dakika tano.

Pesa. Nitakutajia zangu kama zilivyo, kwa sababu wakati naanza hakuna aliyenitajia zake.

Mwezi wa kawaida napata kama milioni moja na laki sita. Zaidi ya nusu, karibu laki tisa, ni kazi za kuagizwa: vijitabu vya afya, maelekezo ya kunawa mikono na kuzuia kipindupindu, michoro ya vitabu vya watoto. Huko Konda haingii. Nawachorea watu wapya, nikiwauzia haki sijutii, kwa sababu waliumbwa kwa ajili hiyo. Laki nne hivi zinatoka kwa wasomaji wenyewe. Hadithi ni bure kwa kila mtu, ila anayetaka kusoma sehemu nne mbele ya wengine anachangia buku mbili kwa mwezi kwenye lipa namba yangu, naye namwingiza kwenye kundi. Wako mia mbili na kidogo. Nawaandika kwenye daftari kwa mkono, na ninajua wengi kwa majina. Wapo wanaotuma na ya kutolea, bila kuombwa. Zinazobaki ni vitabu, stika na kufundisha vijana wa sekondari wakati wa likizo.

Kitabu cha kwanza kilikuwa nakala 500, ndani nyeusi na nyeupe, jalada la rangi, kurasa 48. Kilinigharimu sh. 1,800 kila kimoja, nikauza sh. 5,000, na cha mikoani nakituma kwa basi, mteja anakwenda kukichukua stendi. Viliisha ndani ya miezi saba. Nilidhani nani atanunua kitu alichokisoma bure? Kumbe anayekinunua ni yule aliyekisoma tayari. Rich Burlew, Mmarekani anayechora watu wa vijiti na kuwatoa bure mtandaoni tangu 2003, mwaka 2012 aliwaomba wasomaji dola 57,750 ili achapishe upya vitabu vyake, wakamchangia zaidi ya dola milioni moja na laki mbili. Tarakimu zile ni za nchi yao na mifuko yao. Utaratibu wake ndio uliofanya kazi hata kwangu na nakala zangu 500: wasomaji wamekaa na watu wa hadithi miaka, wanataka kuwaweka kabatini.

Wasomaji wa nje, wa Muscat, London na Minnesota, walitaka kunichangia kwa kadi. Huduma moja kubwa ya malipo ikapokea michango yao, kisha ikanieleza kwamba akaunti ya Tanzania inaweza kulipa lakini haiwezi kupokea. Ilichukua miezi mitatu pesa kurudishwa kwa wenyewe. Siku hizi wananitumia moja kwa moja kwenye namba ya simu kwa njia za kutuma pesa nyumbani, mara moja kwa miezi mitatu ili makato yasile mchango. Kabla hujajiunga na jukwaa lolote la kuchangisha, uliza kwanza jambo hilohilo moja: pesa inanifikiaje mkononi?

Ipo na njia nyingine ambayo sijaipita mimi lakini naiheshimu. Majirani zetu Nairobi walianzisha Shujaaz mwaka 2010, katuni ya Sheng iliyogawiwa bure ndani ya gazeti na kwenye vibanda vya M-Pesa, na mwaka 2012 ikapata tuzo ya kimataifa ya Emmy. Pale msomaji halipi, wafadhili ndio wanaogharamia, na wachoraji wanafanya kazi kama timu. Ukipata nafasi ya namna hiyo, nenda ukajifunze, ila bibi yako mwache nyumbani.

Kuhusu kuacha kazi: bado. Na sisemi hivyo kwa kukukatisha tamaa. Umekaa juu ya hazina na hujaiona. Hapo ulipo kuna skana, printa, mashine ya kukata na ya kubana, karatasi za bei ya jumla, na tajiri ambaye ukimwomba kwa adabu atakuruhusu ubaki saa moja baada ya kufunga. Toa kijitabu cha kurasa nane cha bibi, nakala thelathini, uviuze kwa sh. 1,000 papo hapo juu ya kaunta. Utajua ndani ya wiki moja kama watu watamlipia, na hakuna idadi ya wafuasi inayoweza kukwambia hilo. Mimi niliacha kibarua changu cha kubandika mabango pale tu michango ya wasomaji peke yake ilipolipa chakula na kodi kwa miezi sita mfululizo, nikiwa nimeshalipa kodi ya miezi sita mbele kama wenye nyumba wetu wanavyotaka. Nilichelewa kwa mwaka mzima kuliko nilivyotamani. Mwaka ule ndio uliniwezesha kukataa kazi mbaya baadaye.

Na mkono wako utunze. Mwaka 2019 vidole vitatu vya mkono wangu wa kuume vilianza kufa ganzi usiku. Daktari alisema mshipa wa fahamu unabanwa kwenye kifundo. Miezi miwili sikuchora, na ile akiba ya sehemu nane ndiyo iliyosimama badala yangu. Sasa nachora kwa kusogeza mkono kuanzia begani, na kila dakika arobaini nasimama. Wewe unabana vitabu mchana na kushika kalamu ya simu usiku, mkono huohuo. Usisubiri ganzi.

Turudi Ijumaa. Usiwaambie hapana. Waandikie kwa heshima, kwa barua pepe ili maneno yabaki, kitu cha namna hii:

"Nashukuru kwa kumpenda bibi. Niko tayari kuwaruhusu kutumia michoro mitatu nitakayowachorea, kwenye vifungashio vya unga wa kilo moja na kilo mbili tu, ndani ya Tanzania, kwa muda wa mwaka mmoja kuanzia tarehe ya malipo, kwa shilingi laki tatu. Mhusika na hadithi yake vinabaki mali yangu. Matumizi mengine yoyote, ikiwemo matangazo ya televisheni na mabango, tutakubaliana upya. Jina langu liandikwe kwenye mfuko kwa herufi zinazosomeka."

Umeona? Pesa ni ileile waliyoitaja wao. Kama kweli wanachotaka ni sura yake kwenye mfuko, hawajapoteza chochote. Wakisema lazima haki zote, waulize kwa maandishi wanazihitaji kwa ajili ya nini, na jibu lao lilete hapa kwenye uzi huu. Yupo wakili mmoja humu aliyewahi kunisomea mkataba bure, na Alhamisi usiku nikishapakia sehemu yangu nitakuwa macho. Ondoa jina la kampuni na lako, piga picha kila ukurasa, hasa nyuma na chini kwenye herufi ndogo, tuusome pamoja kabla hakujakucha.